Moyo Usiojua Kulegea

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba iliyoko Bethesda, Marekani, daktari mpasuaji Andrew Morrow alifungua kifua cha mgonjwa kijana, akausimamisha moyo, kisha akaingiza kidole ndani kutafuta kitu kilichokuwa kinaziba njia ya damu. Hakukuta kitu. Mwenzake Eugene Braunwald alikuwa ameshapima presha ndani ya moyo huohuo kwa mrija mwembamba, na vipimo vilisema waziwazi kwamba damu inakwama kabla ya kufika kwenye mshipa mkuu. Morrow akaagiza Braunwald aitwe aje ajionee. Kidole kinapita bila taabu. Ilionekana aliyepima amekosea.

Hakuwa amekosea. Kizuizi kilikuwepo, ila kilikuwa cha aina ambayo wapasuaji hawakuwa wamekizoea: kinajitokeza moyo ukipiga, kinapotea moyo ukisimama. Ukiusimamisha ili ukitafute, umeshakifukuza.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaitwa haipatrofiki kadiomayopathi, na madaktari huufupisha kwa herufi tatu, HCM. Kwa lugha ya nyumbani ni kunenepa kwa msuli wa moyo pasipo sababu ya nje. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Moyo wa mtu aliyekaa na presha miaka mingi hunenepa, kama mkono wa mpiga kasia unavyojaa misuli. Moyo wa mwanariadha nao hunenepa kidogo. Lakini moyo wa HCM hunenepa kwa sababu ya maagizo ya kinasaba aliyozaliwa nayo mwenyewe. Ukuta wa chumba cha chini kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, kwa kawaida hauzidi milimita 12 hivi. Ukifika 15 kwa mtu mzima asiye na presha wala vali (milango ya damu ndani ya moyo) mbovu, HCM inatajwa. Kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, hata 13 zinatosha kutia shaka. Wapo ambao ukuta wao umefika milimita 30.

Mwaka 1958 Donald Teare, daktari wa London aliyekuwa akichunguza maiti, aliandika juu ya vijana ambao mioyo yao ilikuwa imenenepa upande mmoja, hasa kwenye ukuta wa kati unaotenganisha kushoto na kulia. Karibu wote walikuwa wamekufa ghafla. Tangu hapo ugonjwa umepewa majina zaidi ya 75, kila mtaalamu akiuita kwa kile alichokiona yeye. Hadithi ya vipofu na tembo, kwa kweli.

Si ugonjwa wa nadra. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1995 ulikuta mtu mmoja kati ya kila 500. Kwa uwiano huo, Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam ukijaa watu 60,000 siku ya Simba na Yanga, watazamaji kama 120 wana moyo wa namna hii, na wengi wao watazeeka bila kujua. Wengine huanza kuishiwa pumzi wakipanda ngazi, kifua kubana, moyo kwenda mbio bila sababu, au kuzimia. Kwetu kijana akizimia mara mbili, jina la kwanza analopewa ni kifafa. Akianguka uwanjani asiamke, majirani huanza kumtafuta mtu aliyemfanyia.

Pazia kwenye kichochoro

Turudi kwenye kidole cha Morrow, maana ukielewa kwa nini kilipita, umeelewa nusu ya tiba.

Simama kwenye kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe, Unguja, siku yenye upepo. Upepo uliokuwa mpole kule uwanjani unakimbia ukibanwa kati ya kuta mbili, na pazia la mlango ulio wazi linanyonywa nje, linapepea kichochoroni. Moyo wa HCM uko hivyo. Ukuta wa kati ulionenepa umeigeuza njia ya kutokea damu kuwa kichochoro. Jirani na njia hiyo kuna vali ya mitrali, na jani lake moja ndilo pazia letu. Damu ikitoka kwa kasi hulisukuma na kulinyonya jani hilo mpaka liguse ukuta wa kati, na njia inajifunga katikati ya pigo. Moyo uliosimama hauna upepo. Pazia limening'inia mahali pake, kidole kinapita.

Sasa fikiria chumba hicho kikiwa na damu kidogo. Kuta zinakaribiana, kichochoro kinazidi kuwa chembamba, pazia linanyonywa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo chochote kinachopunguza damu inayorudi kwenye moyo au kulegeza mishipa kinaongeza kizuizi: kusimama ghafla, jua kali, kuharisha, kutokunywa maji, mlo mzito, pombe. Daktari mwenye sikio zuri hahitaji mashine kuanza kushuku. Anakuambia uchuchumae, anaweka kifaa chake kifuani na kusikiliza mvumo. Anakuambia usimame upesi, anasikiliza tena. Mivumo mingi hupungua ukisimama. Huu hupanda. Ni kipimo cha sekunde 20 ambacho hakihitaji umeme, na laiti ningekuwa na madaraka ningekirudisha kwenye kila zahanati.

Hapa ndipo penye hatari ambayo kwetu haizungumzwi vya kutosha. Mtu anafika hospitali na malalamiko ya kifua na pumzi. Anapimwa, presha iko juu kidogo siku hiyo, picha inaonyesha moyo mnene. Anaandikiwa amlodipini au nifedipini, pengine na kidonge cha kukojoza. Kwa mgonjwa wa presha ya kawaida hizo ni dawa nzuri. Kwa mwenye kichochoro, dawa inayotanua mishipa na inayokausha maji ni kama kuongeza upepo na kusogeza kuta kwa wakati mmoja. Anarudi nyumbani, anazimia chooni alfajiri. Vidonge vya nitreti vinavyowekwa chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, na vile vya nguvu za kiume, viko kwenye kundi hilohilo. Kwa mwenye kizuizi, hatua ya kwanza ya tiba mara nyingi ni kuondoa dawa kabla ya kuongeza. Na anayetaka kufunga Ramadhani akae na daktari wake Shaaban, asingoje mwezi uandame.

Kupunguza kasi, kuchonga ukuta

Dawa za kwanza zilifuata mantiki ya pazia. Miaka ya 1960 ilipopatikana propranolo, kazi ya James Black aliyekuja kupewa Nobeli mwaka 1988, Braunwald na wenzake waliijaribu kwa wagonjwa hawa. Inapunguza mapigo na kulainisha nguvu ya msukumo, hivyo upepo unapungua, na moyo unapata muda mrefu zaidi wa kujaa. Baadaye zikaja verapamili na disopiramidi. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya HCM. Zote ziliazimwa kutoka magonjwa mengine, na kwa miongo kadhaa wagonjwa waliishi kwa kuazima.

Morrow yeye alichagua kisu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianza kupitia mshipa mkuu na kuchonga kipande cha ukuta wa kati, gramu chache tu, ili kichochoro kirudi kuwa njia. Hadi leo upasuaji huo unajulikana kwa jina lake. Katika vituo vilivyobobea, wanaofariki kwa sababu ya upasuaji wenyewe hawafiki mmoja kati ya 100, na wengi wa waliobaki hurudi kupanda ngazi bila kusimama. Tatizo ni hilo neno “vilivyobobea”. Ukichonga kidogo mno, kizuizi kinabaki. Ukizidisha, umetoboa ukuta. Hata Marekani hospitali zinazoufanya vizuri zinahesabika.

Morrow alifariki mwaka 1982, na kilichomuua ni ugonjwa uleule. Mtu aliyebuni upasuaji wa HCM alikuwa na HCM mwenyewe, na aliendelea kuwapasua wenzake.

Mwaka 1994 Ulrich Sigwart, akiwa London, alijaribu njia isiyofungua kifua: mrija unapitishwa hadi kwenye mshipa mdogo unaolisha ukuta wa kati, kisha unamwagwa spiriti safi, mililita moja hadi tatu. Sehemu hiyo ya ukuta inakufa, inasinyaa. Kwa maneno mengine, ni shambulio dogo la moyo linalofanywa kwa makusudi na kwa hesabu. Kwa wazee na wasiofaa upasuaji ni ukombozi. Lakini waya za umeme za moyo zinapita jirani, kwa hiyo karibu mgonjwa mmoja kati ya 10 hutoka na mashine ya kuendesha mapigo. Kovu nalo hubaki.

Dakika ya 72

Juni 26, 2003, Lyon, Ufaransa. Nusu fainali ya Kombe la Mabara, Kameruni dhidi ya Kolombia. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé alianguka peke yake katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28. Miezi miwili kabla alikuwa amefunga goli la mwisho la Manchester City katika uwanja wao wa zamani wa Maine Road. Uchunguzi wa maiti ulikuta HCM.

Kifo cha ghafla kwa kawaida hakitokani na pazia. Ndani ya msuli ulionenepa, nyuzi hazikai sambamba kama majani ya mkeka uliosukwa vizuri. Zimepishana ovyo, na katikati yake kuna makovu. Umeme wa moyo ukipita humo unaweza kupotea njia, ukazunguka, na moyo ukaanza kutetemeka badala ya kupiga. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ukuta uliochongwa vizuri na bado akawa hatarini, na mwingine mwenye kizuizi kikubwa akafikisha miaka 80.

Tiba ya hatari hii ni mashine ndogo inayopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, inayolinda mapigo usiku na mchana na kuushtua moyo kwa umeme ukipoteza mwendo. Michel Mirowski ndiye aliyeipigania, na ya kwanza ilipandikizwa Baltimore mwaka 1980. Haiponyi kitu. Inangoja tu. Kwa HCM imebadilisha hesabu kuliko kitu kingine chochote. Hospitali kubwa za zamani ziliripoti kwamba hadi wagonjwa 6 kati ya 100 walikuwa wanakufa kila mwaka. Leo katika vituo bingwa ni kama nusu mtu kati ya 100. Kwa haki niseme takwimu za zamani zilitokana na wagonjwa mahututi waliofika mikononi mwa mabingwa, kwa hiyo zilitisha kuliko hali halisi.

Si kila mwenye HCM anahitaji mashine hiyo. Anayefikiriwa ni yule aliyefiwa ghafla na ndugu wa karibu akiwa kijana, aliyezimia bila sababu, mwenye ukuta wa milimita 30 au zaidi, mwenye makovu mengi kwenye picha ya MRI, au ambaye kifaa cha kurekodi mapigo mfululizo kimenasa mbio za moyo za hatari. Moyo wa HCM pia hupenda kuvuruga mapigo ya vyumba vya juu. Hilo likitokea damu huganda na kuweza kwenda kwenye ubongo, na hapo dawa ya kuzuia damu isigande haina mjadala.

Kuhusu michezo, ushauri umelegea. Zamani mgonjwa aliambiwa akae kitako maisha yake yote. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023, uliofuatilia watu zaidi ya 1,600, haukuona kwamba wanaofanya mazoezi mazito walipata madhara zaidi ya waliojipumzisha. Hii haimaanishi kila mtu arudi uwanjani. Inamaanisha jibu ni la kukaa na bingwa na kupima hatari ya mtu mmoja mmoja, wala si amri moja kwa wote.

Wavuta kamba

Mpaka hapa hakuna tiba hata moja iliyogusa chanzo. Kwa hilo ilibidi kusubiri familia moja ya Quebec, Kanada, iliyozika watu wake kwa vizazi kadhaa na kuhesabiwa kuwa na laana. Mwaka 1990 timu ya Christine na Jonathan Seidman wa Harvard ilipata laana yenyewe: herufi moja ya kinasaba. Katika jeni iitwayo MYH7, inayoagiza protini ya miosini yenye viungo 1,935 vilivyopangwa mstari mmoja, kiungo cha 403 kilikuwa kimebadilishwa.

Ili kuona kwa nini kiungo kimoja kinatosha, nenda ufukweni jahazi linapopandishwa nchi kavu kwa kamba. Ndani ya kila seli ya msuli wa moyo kuna kamba, ni protini ya aktini, na kuna wavutaji, ndio miosini. Kila mvutaji hushika, huvuta, huachia, kisha hushika tena, na kila mvuto unakula nishati. Siri ya moyo wenye afya ni kwamba hauwaamshi wavutaji wote. Kundi kubwa limekaa mchangani, mikono imekunjwa, wanangoja. Ukikimbilia daladala, baadhi yao huinuka. Ukikaa kitini, hurudi kukaa.

Kwenye HCM mpango wa mapumziko umevurugika. Wengi mno wamesimama, wameshika kamba, na hawaiachii wakati wa kuachia. Kwa hiyo moyo unavuta kupita kiasi na kulegea kwa shida, ilhali moyo hujaa damu wakati wa kulegea. Ndiyo maana ripoti ya eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ya mgonjwa inaweza kusema kila pigo linatoa asilimia 70 ya damu iliyomo, nambari ya kujivunia, na mwenye moyo huo hawezi kumaliza ghorofa mbili. Shida yake si udhaifu. Kadiri miaka inavyokwenda, msuli unaofanya kazi bila kupumzika hunenepa na kuota makovu.

Jeni ya pili inayohusika sana ni MYBPC3, na protini yake ni msimamizi wa wavutaji, yule anayewaambia “kaeni”. Wenye hitilafu hapo kwa kawaida hawana msimamizi mkorofi. Wanao wasimamizi wachache tu. Tofauti hii itatusaidia mbele. Aina moja ya hitilafu ya jeni hiyo inabebwa na karibu watu 4 kati ya 100 wenye asili ya India na nchi jirani zake, jambo la kujua kwa familia nyingi za Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, ingawa wengi wa wanaoibeba hawaugui.

Mwaka 2012 akina Seidman, pamoja na James Spudich na Leslie Leinwand waliotumia maisha yao kuchunguza miosini, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya MyoKardia. Walitafuta molekuli yenye kazi moja: kuwashika bega baadhi ya wavutaji na kuwakalisha. Wakaipata mavacamten. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2020, wagonjwa 251 wenye kizuizi waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya wiki 30, asilimia 37 ya waliopewa dawa walikuwa wamefikia kiwango cha nafuu kilichowekwa, dhidi ya 17 kwa waliopewa kidonge kisicho na kitu. Jaribio lililofuata lilinivutia zaidi. Lilichukua watu 112 waliokwisha kupangiwa kuchongwa au kumwagiwa spiriti. Baada ya wiki 16, waliobaki wakihitaji au kutaka hatua hiyo walikuwa asilimia 77 upande wa kidonge kitupu, na 18 upande wa dawa. Aprili 2022 Marekani ikaipitisha. Ikawa dawa ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili ya ugonjwa huu na kupitishwa.

Dawa ya pili ya ukoo huo ni aficamten. Jaribio lake la mwaka 2024, lenye watu 282, lilionyesha wanaoimeza wanavuta na kutumia oksijeni nyingi zaidi wakifanya mazoezi. Mwaka 2025 ikapambanishwa ana kwa ana na metoprolo, ndugu wa propranolo, na hapo pakatokea jambo la kufikirisha: waliopewa aficamten waliongeza uwezo wa mazoezi, waliopewa metoprolo walipungukiwa. Yaani kidonge tulichokitegemea tangu enzi za Morrow huenda kilikuwa kinatuliza dalili huku kikimpunguzia mtu pumzi. Sisemi kitupwe. Kipo kwenye kila duka la dawa, ni nafuu, na kwa mgonjwa wa Singida au Kisii ndicho atakachoanza nacho. Ila miaka 60 ni mingi kwa dawa kukaa bila kupimwa kwa mizani ya haki.

Kidonge chenye masharti

Ukiwakalisha wavutaji wengi mno, jahazi halipandi. Mavacamten ikizidi, moyo unadhoofika, na mgonjwa aliyekuja kwa nguvu za ziada anaondoka na moyo ulioshindwa. Kwa hiyo nguvu za moyo, ile asilimia ya damu inayotoka kila pigo, zikishuka chini ya 50 dawa inasimamishwa mpaka zirudi, na eko inarudiwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Dawa hii, kwa kweli, ni kidonge pamoja na mashine ya eko na mtu anayejua kuisoma.

Kisha kuna migongano. Mwilini inasagwa zaidi na kimeng'enya kiitwacho CYP2C19, ambacho kwa watu wengine ni kivivu kwa kuzaliwa. Omeprazo, ile tunayojinunulia wenyewe kwa vidonda vya tumbo, inaweza kukichelewesha na kuipandisha dawa kwenye damu. Flukonazo ya fangasi ni zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inakichochea, dawa inakwisha upesi, na mgonjwa akimaliza dozi ya TB kiwango kinapanda ghafla. Katika nchi ambayo TB ni jirani wa kila mtaa, hilo si jambo la pembeni. Mjamzito hatakiwi kuitumia.

Bei ilipotoka ilikuwa dola 89,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 200 za Tanzania kwa thamani ya wakati ule. Nambari hiyo haihitaji maelezo.

Na haifai kwa wote. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana pazia linalonyonywa, hata wakikimbizwa kwenye mashine. Mavacamten ilijaribiwa kwao pia, kwa watu 580, na matokeo ya mwaka 2025 yalikuwa kwamba haikufikia lengo. Nadhani hilo linafundisha zaidi kuliko ushindi: jina moja la ugonjwa limeficha matatizo zaidi ya moja.

Wengine wanalenga jeni yenyewe, na hapa ndipo tofauti ya msimamizi na mvutaji inapofaa. Aliyepungukiwa wasimamizi unaweza kumletea nakala nzima ya jeni, imepakiwa ndani ya kirusi kisicho na madhara na kudungwa kwenye mshipa. Jaribio la kampuni ya Tenaya kwa wenye hitilafu ya MYBPC3 lilianza kudunga watu mwaka 2023, na bado ni la watu wachache. Mwenye mvutaji mkorofi hasaidiwi kwa kuongezewa wavutaji wema, maana mkorofi bado ameshika kamba. Kwake inabidi kusahihisha herufi. Mwaka huohuo wa 2023 maabara mbili za Marekani ziliripoti kusahihisha herufi ile ya kiungo cha 403 kwenye panya, na mioyo yao haikunenepa. Kati ya panya na mtu kuna safari.

Chumba cha giza

Kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki, ngazi nyingi za hadithi hii zipo kwa kiasi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na hospitali kubwa za Nairobi zina wataalamu wa moyo, eko na upasuaji. Kinachokosekana zaidi ni mtu kufika pale na swali sahihi, na swali hilo huanza na familia. Kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi sawa kwa sawa ya kuirithi, kama kurusha shilingi. Kipimo cha vinasaba kikipatikana na kikakuta hitilafu, ndugu wasioibeba wanaachiliwa moja kwa moja. Kisipokuta, na mara nyingi hakikuti, au kisipopatikana, kazi inabaki kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na eko.

Eko yenyewe haitishi. Chumba kimefungwa mapazia, kiyoyozi kinavuma. Unalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, unapakwa jeli ya baridi. Mpimaji anakandamiza kifaa kati ya mbavu, na kwenye kioo moyo unaonekana wa kijivu, vali zikifunguka na kufunga kama makofi ya mtu asiyechoka. Anaugandisha, anaweka nukta mbili pande mbili za ukuta wa kati, mashine inaandika nambari. Kisha anakuambia ubane pumzi na kujikamua kama uko msalani, ili kulishawishi pazia litoke kama lipo.

Tuseme anayepimwa ni kaka wa kijana aliyefariki kwa HCM: ana miaka 14 na ukuta wake ni milimita 9. Mama anashusha pumzi na kuuliza kama basi yamekwisha. Hayajakwisha. Maagizo haya hupenda kujitokeza ujanani, na ukuta mwembamba wa leo hausemi lolote juu ya miaka 17. Anaandikiwa arudi baada ya mwaka mmoja, au miwili ikizidi, na mama anaombwa amlete na binamu zake.